Taprandich Anashuka

Jumamosi mchana, ukumbi wa kanisa pale Gilgil ulijaa, na mwalimu Joan Cherop alikuwa amemwekea mamake kiti karibu na dirisha. Wageni kutoka ng'ambo walikuwa wameleta filamu ya zamani, mojawapo ya zile za kwanza kutiwa sauti. Wazungu wa msafara waliipiga kando ya Ziwa Elmenteita, wakitafuta simba na makabila. Mamake Cherop alikuwa ameambiwa nyanyake yumo ndani.

Alikuwemo. Baada ya simba na flamingo alitokea mwanamke kijana, akisaga wimbi juu ya jiwe. Mdomo wake ulikuwa unasema kitu, lakini kilichosikika ni ngoma, na juu ya ngoma sauti ya mwanamume kwa Kiingereza: "Huyu hana jina, na nchi hii haina mwenyewe."

Mwanamke akaacha kusaga. Akakung'uta unga mikononi, akashuka kutoka kwenye kitambaa cheupe cha filamu, akakanyaga simenti. Alikuwa wa kijivu utosini hadi nyayoni. Ngoma iliendelea bila yeye.

"Mimi ni Taprandich," alisema kwa lugha ya kwao. "Kila wakiwasha hii kitu nalisema hilo jina."

Mamake Cherop alimpisha. "Kaa hapa, kogo," alimwambia nyanyake, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na mvi.

Taprandich aliletewa chai, akanywa, akauliza njia ya kwenda kwake.

Mgeni aliyeendesha mashine alimwinamia Cherop. "Madam, mwambie arudi. Filamu ni yetu, na yeye ni sehemu yake."

Cherop akatafsiri.

"Mwambie ajaribu kunibeba," Taprandich alisema.

Hakujaribu.

Walimpeleka kwa gari la jirani, Probox. Mahali alipozaliwa sasa pana hifadhi ya wanyama ya tajiri mmoja, yenye ua wa stima na lango. Sitati, askari wa lango, alitoka na redio mkononi.

"Mathe, mmebook?" alimuuliza mamake Cherop.

"Anaenda nyumbani kwake," Cherop alisema.

"Naelewa, madam. Lakini hii ni private. Boss anasema hapa hapakuwa na watu."

"Amejuaje?"

"Kuna filamu. Huwa anawaonyesha wageni."

Cherop alimweleza Taprandich hayo yote. Taprandich aliokota mawe matatu, akayapanga katikati ya njia, akawasha moto. Polisi walikuja wakasema hakuna sheria ya mtu aliyetoka kwenye filamu, wakaondoka. Magari ya watalii yakaanza kumzunguka, yakipitia majanini.

Cherop humletea maziwa kila Jumapili baada ya ibada. Juzi Sitati aliwapa habari za ndani: boss bado anaonyesha filamu ileile. Jiwe la kusagia limebaki peke yake, ile sauti inasema nchi haina mwenyewe, na wageni wanaafiki, kwa kuwa sasa kweli haonekani mtu.

Taprandich alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba Cherop jembe na mbegu za wimbi, kwa sababu mvua ilikuwa karibu na pale mbele ya lango udongo ulikuwa mzuri.