Sinia la Igawa

Asubuhi hiyo Alifiya alisali kwa kirefu, kisha akapanda basi la kutoka Iringa akiwa amepakata sinia la marehemu baba yake kama mtu aliyebeba mtoto. Alikuwa anakwenda Igawa kuokoa vitu viwili: duka la vitambaa aliloachiwa na baba, ambalo yeye anaishi ghorofani mwake, na ndugu yake wa pekee, Huzefa wa Mbeya, aliyetaka duka hilo liuzwe. Tangu mazishi, miezi saba sasa, walisemeshana kwa vinywa vya mawakili.

Mawakili wenyewe walikuwa wa namna mpya. Yudith wa Alifiya na Ipyana wa Huzefa walitia saini kwamba shauri likifika mahakamani, wote wawili wanajitoa, kwa hiyo kazi yao ilikuwa kupatanisha tu. Igawa waliichagua kwa kuwa iko njiani kwa kila upande.

Mgahawani walikokutana, Huzefa hakuketi. Alikikodolea macho kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara.

"Nani kachagua mgahawa huu?"

"Mimi," alisema Ipyana. "Kuna ubaya, kaka?"

"Hapa ndipo nilipomzika baba."

Kisha akaeleza. Siku ya mazishi, alipokuwa akija kutoka Mbeya, lori lilipinduka, barabara ikafungwa. Alisimama pale penye pampu, simu sikioni, akisikiliza watu wakimwombea baba yake dua bila yeye, kisha akageuza kurudi Mbeya.

"Saa tatu tu, dada. Mngenisubiri saa tatu."

Kwa miezi saba Alifiya alikuwa ameandaa majibu yote kuhusu duka. Sasa aliyaacha yote.

"Wazee walisema maiti hasubirishwi," alisema. "Ningeweza kubisha. Sikubisha. Nilikuwa nimechoka kuuguza, nikawaachia waamue. Nisamehe, mdogo wangu."

Huzefa akafuta macho kwa kiganja.

"Na duka?" Yudith aliuliza taratibu.

"Nitalifanyia nini? Nilitaka na yeye akose kitu."

"Mjinga wewe!" Alifiya alicheka huku analia.

"Si nimelelewa na wewe?"

Alifiya akaweka sinia mezani, akapakua wali wa nyama aliokuja nao, na kando yake chumvi kidogo. Kwao hakuna anayekula kabla ya kuonja chumvi, wala anayenyanyuka kabla ya wote kumaliza. Huzefa akaketi. Akachovya kidole.

"Mawakili, sogeeni nanyi," alisema Alifiya.

"Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime," alinong'ona Ipyana.

"Tumeshalima," alijibu Yudith. "Nawa mikono."

Baada ya chakula waliandika: duka haliuzwi, na chumba cha nyuma ni cha Huzefa, na ufunguo wake. Huzefa akaomba mstari mmoja zaidi: asizikwe mtu wao yeyote kabla wao wawili hawajafika.

Ipyana alikuna kichwa. "Mstari huo hakuna mahakama itakayousimamia."

"Ndiyo maana hatupo mahakamani," alisema Yudith, akauandika.

Basi la Mbeya likapiga honi. Huzefa aliliacha lipite. Akabeba sinia, akavuka barabara upande wa Iringa.

"Twende, dada. Ukanioneshe kaburi."