Jeki Siku ya Chanjo

"Ondoa mikono, Mama! Umeshafanya ya kutosha."

Binti yangu Seleyian aliniambia hivyo mbele ya foleni nzima ya watu na mbwa wao, katika uwanja wa shule pale Kitengela, saa saba mchana. Nilimwambia anyamaze, amwage maji. Alimwaga huku akilia, na hakunyamaza.

"Nilikuambia hawezi kuhema. Ukasema mbwa anapumua kwa pua."

"Nilisema."

"Ukasema nimeanza kukufundisha."

"Hilo pia nilisema. Mwaga tumboni na miguuni."

Jeki, mbwa wetu, alilala ubavu kwenye vumbi, macho wazi, hatazami mtu. Seleyian alimlea tangu yeye akiwa darasa la tatu. Sasa yuko kidato cha kwanza.

Ilikuwa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Siku hiyo sote tunawafunga mbwa midomo ili wasiume watu kwenye foleni. Mimi nilitumia kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakikaza mara mbili, maana mtoto wa jirani yetu Habon aliumwa na mbwa mwezi uliopita na sikutaka maneno. Tukaondoka nyumbani saa tano, kilomita nne, Februari, njiani hakuna mti. Nina diploma ya uuguzi. Watoto wenye homa kali nimewapoza wengi. Mbwa sikumfikiria. Ile tyubu niliifungua alipokwisha kuanguka kwenye foleni.

Habon mwenyewe alikuja mbio na jerikeni kutoka dukani kwake, mkabala na shule.

"Mama Seleyian, chukua! Mimi simgusi, dini yangu unaijua, lakini maji nitaleta mengine."

"Asante, Habon."

"Mpe kivuli! Wewe Kimeu, simama hapa na huo mwavuli wako, au unaogopa kuwa mweusi?"

Kimeu akatoka kwenye foleni, akasogea na mwavuli. Hakuna aliyecheka.

Daktari wa mifugo, Muteti, aliacha meza yake ya chanjo akapiga magoti. Alishika fizi za Jeki, akampima joto, akatikisa kichwa.

"Mbwa hatoi jasho kama sisi, Mama. Anapoa kwa kuhema, mdomo wazi. Ukiufunga kwenye jua kama hili, anaiva ndani."

Jeki akaanza kutetemeka mwili mzima. Damu ikamtoka puani, kisha nyuma. Mtetemeko ukapita, ukarudi kwa nguvu zaidi.

"Mdunge dawa," Seleyian alisema. "Daktari, mdunge."

"Ya kumponya sina, binti yangu. Ya kumpumzisha milele ninayo. Akiachwa, atateseka mpaka jioni."

"Hapana! Mama, mwambie hapana! Tumbebe nyumbani."

"Nyumbani ni kilomita nne, Seleyian."

"Nitambeba mimi!"

Angembeba kweli. Nilimwona akilini ameshafika kwenye daraja la njiani, Jeki akirusha miguu mikononi mwake.

"Mwenye mbwa ni nani?" Muteti aliuliza.

Seleyian alifungua mdomo. Nilimtangulia.

"Ni mimi. Mdunge."

"Sitakusamehe," binti yangu alisema.

"Sawa. Mshike kichwa, anakujua wewe."

Alikaa chini, akakiweka kichwa cha Jeki mapajani. Mimi nilishika mguu wa mbele, nikaubana kwa kidole gumba mpaka mshipa ukatokea, kama ninavyofanya wodini kila siku, na Muteti akaingiza sindano.