Bonge Ana Jina Gani?

Katika soko la mji wa Trang, mtu akikuita kwa jina la kitambulisho, ujue amevaa sare au ameshika sindano. Wengine wote wanakuita walivyokuzoea. Jiap, yaani Kifaranga, alikaanga ndizi jirani na kibanda cha Uan mtengeneza baiskeli miaka nenda miaka rudi. Alimtania, akamlisha, akampenda kimyakimya, wala hakuwahi kumuuliza jina jingine. Uan maana yake ni Bonge. Alizaliwa mnene kama tikiti, akakua akawa ufito, jina likagoma kukonda.

Asubuhi hiyo redio ya muuza kahawa ilitangaza kwamba kule kaskazini, mbali kiasi cha kuchosha hata basi, mlima umewaporomokea mafundi wa barabara. Uan, aliyefunga kibanda chake akafuata kibarua huko, alikuwa mmoja wao. Kabla ya kwenda huko alimwomba Jiap waoane, na Jiap kwa maringo yake akamwambia jibu atalipata akirudi. Sasa simu ya Uan haikupatikana, na redio ilikuwa ikisoma majina ya waliookolewa. Majina marefu ya heshima, yanamwagika kama mtama. Jiap alisikiliza mwiko ukiwa hewani. Yupi hapo ni Bonge?

Kazi nayo haikumwonea huruma. Mama mmoja alikuwa akisubiri ndizi za kumsindikizia mwanawe anayeingia utawani, na ngoma zilishaanza mtaani. Jiap alitia chumvi penye sukari, kisha akatia sukari ili kuifukuza chumvi. Mama alionja moja, akauliza kama mwanawe anapelekwa kwa watawa au anaadhibiwa. Jiap akamjibu ahsante.

Mwishowe aliacha karai motoni, akakimbilia kwa shangazi Nim, muuza samaki wakavu aliyemlea Uan. Alimkuta ameibana redio sikioni.

"Shangazi, jina lake la kweli nani?"

"Prasit."

Jiap alishusha pumzi, akaipandisha tena. Hakuna Prasit aliyesomwa.

"Ila alilibadilisha," shangazi akaongeza. "Mwaka jana si alianguka na pikipiki, akainuka, akaanguka tena? Mtawa akasema jina lina nuksi, akampa la bahati."

"Lipi?"

"Refu hivi. Linaanza na Thana."

Redio ilikuwa imesoma Thanawat, ameokolewa. Ilisoma pia Thanakrit, bado anatafutwa. Shangazi aliapa kuwa ni Thanawat, akanywa maji, akaapa kuwa ni Thanakrit, kisha akawalilia wote wawili. Muuza kahawa alipita akasema huenda ni Thanapol, ambaye hakutajwa popote. Walimfukuza.

"Umemlea mtu hujui anaitwaje," Jiap akasema.

"Na wewe unayetaka kulala naye kitanda kimoja, unamjua?"

Jiap siku zote alimwita Bonge, naye akaitika. Nani huhitaji zaidi ya hapo, mpaka mlima uanguke?

Simu yake ikalia. Namba ngeni, sauti ya mikwaruzo.

"Kifaranga, mimi Bonge."

Angeweza kushukuru, angeweza kulia. Badala yake akamfokea. "Jina lako kamili nani?"

"Ngoja... Thana. Thana nini hii? Kitambulisho kimebaki kwenye tope. Hata waokoaji wameniuliza, nikawaambia Uan. Wamecheka, wakaniandika hivyohivyo."

"Nimekubali," Jiap akasema. "Umesikia? Nimekubali."

Simu ilikuwa imekatika. Aliitazama, akaitikisa, akaiweka tena sikioni kana kwamba neno lingerudi kumwambia liliishia wapi. Alipopiga namba ile, haikupokelewa.

"Nani huyo?" shangazi akauliza.

"Bonge."

"Bonge Thanawat au Bonge Thanakrit?"

Jiap alijibwaga juu ya gunia la samaki. Alicheka, akajikuta analia, akacheka tena kwa kuwa hakukumbuka alianza na lipi. Harufu ya kuungua iliwafikia kutoka upande wa karai lake. Alijiuliza ni nani huyo anayeunguza ndizi za watu mchana kweupe.