Kanda ya Posa ya Mutesi

Lillian, hujawahi kujiuliza kwa nini katika nyumba hii haturekodi kwa redio kaseti, hata siku ya harusi? Kaa hapo kwenye mkeka nikueleze, na hayo maharage uyachambue taratibu.

Mwaka 1992, hapa hapa Gatsata, mama yako Mutesi alikuwa anaposwa. Desturi yetu unaijua: siku ya gusaba, yaani ya kuomba binti, kila ukoo unaleta msemaji wake, na wasemaji wanapigana kwa maneno mbele ya wageni, wanakataliana, wanachekana, mpaka binti anatolewa nje. Msemaji wetu alikuwa Damascène. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini mama yangu alimlea tangu ana miaka mitatu, tukala sahani moja. Wakati ule alikuwa kiongozi wa chama. Msemaji wa baba yako alikuwa mjomba wake Nahimana, naye kiongozi wa chama kingine. Redioni hawakutajana bila tusi. Serikali mpya ilikuwa inasubiriwa, na kila Jumapili vijana wao walirushiana mawe.

Kwenye mawe hayo ndipo babu yako Sangwa alipoteza jicho la kulia. Alikuwa amebeba bendera ya chama cha Damascène, aliyoishona mwenyewe kwa cherehani yake, pindo amelipiga mshono mara mbili ili upepo usilifumue. Akalazwa wiki tatu. Damascène hakuja. Mimi nikasema ana kazi nyingi.

Basi siku ya posa watu walijaa uani kuwaona hao maadui wawili. Na walifurahi kweli. Damascène alimwambia Nahimana, "Nyie mmekuja kuomba binti au kuhesabu mabati yetu?" Watu wakacheka mpaka shangazi mmoja akamwaga bia kwenye mshanana wake, vazi lake la sherehe. Sangwa alitaka kunasa kila neno. Redio kaseti aliiweka dirishani mwa chumba chetu, nyuma ya pazia la maua, kwa sababu umeme ulikuwa pale tu. Mutesi alipotoka, vigelegele vikapigwa, kila mtu akasahau kanda. Wasemaji wawili wakaomba mahali pa kupumzika wapange siku ya harusi. Nikawaingiza chumbani kwetu, nikawapelekea chupa mbili na bilauri zile za miguu, nikafunga mlango.

Kosa langu ndilo hili. Shangazi Connie wa Bukoba hakuweza kuja, na kwetu asiyefika hutumiwa kanda. Nikaipeleka Nyabugogo kwa Habumugisha, mtoa kopi za kanda, bila kuisikiliza hadi mwisho. Nani anasikiliza kanda ya posa binti akishatoka?

Habumugisha aliisikiliza.

Siku ya nne, kwenye foleni ya maji, jirani aliniuliza, "Mama Mutesi, ni kweli mumeo alipoteza jicho kwenye vita vya mchezo?" Nikaacha ndoo pale pale. Nyumbani nikamkuta babu yako ameshaambiwa, ameiweka kanda yetu, amekaa. Tukasikia vigelegele, mlango ukifungwa, bilauri.

"Leo umenitukana vizuri," sauti ya Nahimana. "Kidogo niamini."

"Jumapili unitukane zaidi," Damascène akajibu. "Vijana wakipoa, watasema hatuna watu. Wiki mbili hivi za mawe, kisha tunakaa. Wewe wizara ya barabara, mimi ya elimu."

"Na shemeji yako wa jicho?"

"Sangwa? Cherehani inataka jicho moja tu."

Wakacheka. Kitanda chetu kikalia, kile kitanda chenye ubao uliolegea. Babu yako akarudisha kanda nyuma, akasikiliza tena, akazima.

Kufikia Jumamosi ilikuwa inapigwa kwenye baa za Kicukiro. Vijana walichoma kofia zao za chama, wa huku na wa kule, moto mmoja. Nahimana akaenda Ubelgiji, akasema anatibiwa mgongo. Majina yao yakatolewa kwenye orodha ya mawaziri.

Alhamisi, saa sita mchana, Damascène akaja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Hakukaa.

"Dada, ni wewe uliyeitoa kanda?"

"Ni mimi. Nilikuwa namtumia Connie."

"Umeniua."

"Ungeongea maneno ya harusi, Damascène."

Akamgeukia babu yako, akampa karatasi iliyopigwa chapa. Ilikuwa imeandikwa kwamba kanda ni ya kutengenezwa, sauti si zao. Alitaka babu yako aisome redioni.

"Kesho saa nne kamati inakaa kunifukuza," akasema. "Wewe ndiye uliyeumia, shemeji. Ukisema ni uongo, nani atabisha?"

Babu yako aliinua karatasi upande wa kushoto, akaisoma yote, mstari kwa mstari. Akaikunja kama anavyokunja kitambaa cha mteja, ncha juu ya ncha, akamrudishia.

"Sitasoma."

"Sangwa, tumetoka mbali."

"Mimi ndiye niliyetoka mbali. Wewe ulikuwa kwenye gari."

Damascène akafuta uso kwa kiganja. Nilimwona akiwa mtoto wa miaka mitatu tena, na bado sikumpa kiti.

"Basi sema bei yako," akasema. "Unataka nini? Kiwanja? Mutesi apate kazi ofisini? Nilikuwa naweza kukupa chochote, hukuwahi kuomba. Ulitaka nini kwangu?"

Cherehani ilikuwa na gauni la mtu, sindano imeshuka. Babu yako akaipandisha kwanza, polepole, ili kitambaa kisichanike.

"Nilitaka uje hospitali," akasema. "Wiki tatu nililalia upande mmoja, ili jicho lililobaki lielekee mlangoni."