Mvua Iliyosimama Kwenye Utepe

Alhamisi hiyo, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Ndinda alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari la zimamoto, mahamri mkononi na bakuli la mbaazi magotini, simu ya kituo ilipolia. Lori lilikuwa limepinduka kwenye barabara itokayo Kilifi kwenda Ganze. Dereva alikuwa mzima, lakini mapipa yalikuwa yamepasuka. Mwanamke aliyepiga alisema kilichomwagika kilifanana na vipande vya sabuni vya rangi ya fedha, na kwamba jirani yake alikuwa amekitemea mate kimoja kikawaka moto.

Ndinda akaweka bakuli chini. Alikuwa mzaliwa wa Kitui, na huu ulikuwa mwaka wake wa nane katika kazi ya kuzima moto pwani. Mwaka mmoja alikuwa amehudhuria mafunzo ya siku mbili Mombasa, na somo moja halikumtoka: zipo metali zisizopatana na maji. Mkufunzi alikata kipande cha sodiamu kikubwa kama njugu, akakitupa kwenye beseni la maji, na beseni lile halikuonekana tena.

"Kaingu," alimwambia dereva wake, "leo maji tunayaacha."

Kaingu, ambaye nyumbani kwao ni Ganze, alifikiri kidogo. "Tunakwenda na nini, afande?"

"Mabeleshi, koleo, mafuta ya taa na mikebe yote mikavu utakayoiona."

Wakaazima pikapu ya jirani, wakapakia, wakaondoka.

Lori lilikuwa limelala ubavu, turubai lake limevutika, kando ya shamba la mwanamke aliyepiga simu. Jina lake lilikuwa Kahonzi. Vipande vilikuwa vimetapakaa hatua arobaini kila upande, hadi karibu na milango ya nyumba tisa. Watu walikuwa wamekwisha kufika na madumu yao, macho kwenye mapipa, kwa maana pipa tupu huku ni mali, lakini Kahonzi alikuwa amewazuia kwa fimbo ya kuchungia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyeshika kitu. Yule wa mate nimemkalisha chini ya ukuta, ameungua nyusi tu."

Dereva wa lori, kijana mrefu aliyeitwa Okoth, alikuwa ameketi juu ya jiwe na karatasi ya mzigo mkononi. Ilisema sabuni.

"Nimeambiwa sabuni miaka miwili," alisema. "Juzi nilitaka kuomba kipande nimpelekee mke wangu."

Ndinda aliirudia karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha Kaingu akamgusa bega na kumwonyesha upande wa baharini. Wingu lilikuwa linakuja.

Sehemu hiyo haikuwa imepata mvua kwa miaka miwili na miezi mitatu. Watu waliliona wingu, wakatazamana, na hakuna aliyejua auweke uso wake vipi. Mahindi yangeota, na nyumba tisa zingelipuka kabla ya tone la pili. Harufu ya udongo uliolowa ilianza kufika. Kisha mvua yenyewe ikaonekana, inapanda barabara polepole, upana wake unachukua mashamba ya pande zote mbili.

Ndinda alichukua utepe wa manjano, akakimbia, akaufunga kutoka kichaka hadi kichaka. Akasimama mbele yake na kuinua mkono kama mtu anayesimamisha magari.

"Sema nayo kwa adabu," Kaingu alimwambia kwa nyuma. "Haijatuzoea."

"Hujambo," Ndinda aliiambia mvua. "Karibu. Ila nakuomba usubiri kidogo, kuna kazi hapa haijakwisha."

Mvua ilifika kwenye utepe ikasimama. Matone ya mbele yalitulia hewani, ya nyuma yakayasogelea, yakabanana, na punde mvua yote ilikuwa imesimama kuanzia usawa wa kifua hadi mawinguni, inayumba kidogo kama pazia.

"Imesikia," alisema Kaingu.

"Imesikia," alikubali Ndinda, wakarudi kazini.

Kahonzi aliitazama kwa muda. "Pwani kule kwenye mahoteli huwa inaalikwa," alisema. "Huku labda hakuna aliyewahi kuzungumza nayo."

Dawa ya metali ile ni kufunikwa kwa kitu kikavu kabisa, na kama kuna kitu ambacho Ganze haikuwahi kupungukiwa ni ukavu. Ndinda alichota mchanga wa shambani mwa Kahonzi, akaufinya kiganjani, ukapeperuka kama unga. Watu wakajipanga mstari wakipitishiana makarai. Kila kipande kilifunikwa kwanza. Kisha Ndinda na Kaingu, wakiwa wamevaa glavu na miwani, walikifukua kwa koleo na kukizamisha kwenye mkebe wa mafuta ya taa, kimoja baada ya kingine. Jua lilikuwa kali, lakini jasho lilifika kwenye vipaji vya nyuso zao na kukaa hapohapo. Halikudondoka.

Baada ya saa moja mwanamke mmoja aliuliza kama, wakati mvua inasubiri, ingeruhusiwa kuchotwa.

"Ichoteni," alisema Ndinda. "Ila atakayevuka utepe abaki hukohuko. Sitaki mtu aliyelowa upande huu."

Hivyo watu wakagawanyika. Waliovuka waliinua ndoo zao juu wakazisukuma kwenye hewa, nazo zikajaa, na penye mvua pakabaki tundu la umbo la ndoo. Walijaza madumu, masufuria, na mtumbwi wa kunyweshea ng'ombe. Walipokwisha kujaza vyote wakaanza kuoga. Wazee wawili waliokuwa hawasemezani tangu kesi ya mpaka walisuguana migongo. Bibi harusi wa Jumamosi alioshwa nywele na mashangazi zake wanne kwa mpigo. Vigelegele vikapigwa, na wimbo ukaanzishwa upande wa waliolowa, ukaitikiwa na wakavu huku makarai yakizunguka.

Kahonzi hakuvuka. Shamba lilikuwa lake, na alisema hatoki mpaka liwe safi. Wajukuu zake walimwita kutoka ng'ambo ya utepe, wanameremeta, na alikuwa akiwapungia mkono kisha anainama tena. Mara moja Ndinda alimwona amesimama na karai tupu, anaitazama tu ile mvua, kama mtu anayetazama chakula cha wengine.

"Nenda, mama. Tutamalizia."

"Nimeingoja miaka miwili," alisema Kahonzi. "Saa mbili zitanishinda?"

Kipande cha mwisho kilipatikana saa nane na nusu, chini ya ubao wa jina la lori. Ndinda alipita kila hatua ya shamba akiwa ameinama, akarudia. Kisha akamshika Kahonzi mkono, wakaenda pamoja mpaka kwenye utepe, akaufungua.

"Ahsante kwa kusubiri," aliiambia mvua. "Pita sasa."

Ikapita. Iliwaangukia wote wawili kwa uzito wa saa nne, na Kahonzi akaketi barabarani, akanyoosha miguu, akaacha imnyeshee mdomoni. Alicheka mpaka Ndinda naye akaketi. Kaingu alivua viatu. Okoth alisimama peke yake na mikono wazi, akaulizwa kama ameumia, akasema hapana, anaoga.

Siku iliyofuata Ndinda aliandika ripoti ya kurasa tatu. Aliandika sodiamu, idadi ya mapipa, nyumba tisa, na miaka miwili ya karatasi za uongo. Akaambatisha karatasi ya sabuni. Kampuni yenye mzigo ilimtuma bwana mmoja mwenye suti ya kijivu, akashukuru sana, akachukua mikebe yake. Ripoti ilipanda kutoka ofisi hadi ofisi, na ikarudi Jumatano ikiwa na ukurasa mmoja. Ilisema sabuni imemwagika, imezolewa, hakuna madhara. Penye hali ya hewa paliandikwa: kavu.

Ndinda aliandika nyingine, akaituma palepale.

Alhamisi asubuhi alimpigia Kahonzi. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto na za mahindi, ambayo yalikuwa yamekwisha kuchomoza.

"Lori je, mama?"

"Ndilo hilo linakuja. Dereva mwingine. Turubai lilelile."

"Na mvua?"

"Ipo. Imefika tangu saa moja. Imesimama pale kando ya barabara, inangoja lipite."

Ndinda aliibana simu sikioni. Alisikia mngurumo wa lori ukikaribia, ukapita, ukafifia.

"Limekwenda?"

"Limekwenda. Ngoja nitoe sufuria."

Kisha sauti ya mvua ikajaa kwenye simu, na juu yake vigelegele. Ndinda alimwita Kaingu, wakaketi kwenye ngazi ya gari, simu katikati yao, wakaisikiliza mpaka salio likaisha.