Huyu Mzee Namjua

Baba yangu alipigiwa kura na watu wengi siku ile ya uchaguzi wa ubunge, na mimi si mmoja wao. Nilimpigia mpinzani wake, yule wanayemwita Kijana, ambaye ana miaka hamsini na ushei na tayari ana wajukuu. Kwenye siasa zetu huo ndio ujana. Niliweka alama, nikakunja karatasi, nikaitumbukiza sandukuni, nikatoka na macho makavu. Sikuwa na ugomvi na baba. Nilitaka arudi nyumbani, na zaidi ya hapo nilitaka mama yangu apate kulala.

Watu wa jimbo letu hupenda kusema kwamba Mheshimiwa na mkewe ni chanda na pete. Popote alipo baba, mama yupo begani kwake, na ndiye wa kwanza kusalimia. "Aa, fundi! Mheshimiwa, si huyu aliyekushonea ile suti ya kuapishwa?" Na baba, kwa sauti yake nzito, hudakia hapo hapo: "Fundi! Suti yako bado ninayo!" Fundi anaondoka hakanyagi chini kwa furaha, anakwenda kusimulia mtaa mzima jinsi mzee alivyo na kumbukumbu. Vijana wanatania kwamba mama ana wivu, amemkaba mzee asije akaponyoka. Mama hana wivu wowote. Yeye ndiye hiyo kumbukumbu inayosifiwa. Bila yeye baba hamjui fundi, haijui suti, na siku nyingine hajui kama aliwahi kuapishwa.

Tuliojua tulikuwa wachache: mama, mimi, shangazi yangu ambaye ni dada yake baba, na Katibu, mtu anayeendesha ofisi ya baba tangu nikiwa mwanafunzi. Nyumbani mama alikuwa ameng'oa komeo la bafuni, baba asije akajifungia. Kila asubuhi alizipanga nguo za baba kitandani kwa mpangilio wa kuvaliwa, fulana mwanzo na koti mwisho, asije akatoka na shati juu ya koti. Na usiku alijifunga ncha moja ya mtandio mkononi, ncha ya pili akamfunga baba, ili baba akiamka kwenda kuitafuta ofisi gizani, naye aamke. Mama hakumbuki mara ya mwisho alipolala hadi asubuhi.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ina viti vitatu na maneno ya kujaza uwanja. Siku chache kabla ya uchaguzi, mteja mmoja, karani wa benki, alikuwa amekaa mbele yangu na nusu ya kichwa haijasukwa, akaanza: "Hivi hawa wazee wanang'ang'ania nini? Mtu kupanda ngazi hawezi, anataka kutupandishia uchumi!" Saluni nzima ikaangua kicheko. Kisha wakakumbuka mimi ni mtoto wa nani, kikawaishia mdomoni. Nikamvuta nywele zaidi kidogo ya ilivyohitajika.

"Baba yangu anawakumbuka watu wake wote kwa majina," nikamwambia. "Wewe hata jirani yako wa ukuta kwa ukuta humjui anaitwaje."

Nilidanganya bila kupepesa macho. Baba ni wangu kumsema. Sikuwa tayari kumsikia kinywani mwa mtu ambaye kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu.

Usiku wa kuhesabu kura tulikusanyika sebuleni kwa baba. Viti vya plastiki vimeletwa kutoka ofisi ya chama, chupa za chai zimepangwa mezani, na waya za kuchajia simu zimetapakaa sakafuni, ukipita bila kuangalia unaanguka. Baba alikaa kwenye kiti chake karibu na runinga, amevaa suruali ya suti na ndala, anakula biskuti taratibu. Kila picha yake ilipotokea kwenye kioo aliinamisha kichwa kidogo kwa heshima, kama anayeitikia salamu. Sisi wengine roho zilikuwa juu. Kura zilikuwa zinafukuzana: Kijana mbele, baba anamfikia, Kijana anachomoka tena.

Katikati ya matokeo runinga ikaleta mabingwa wawili kujadili umri wa viongozi. Wa kwanza alisema mzee ni hazina. Wa pili akasema hata gari zuri likichakaa hupelekwa gereji.

"Na baba yako je, umempeleka gereji gani?" Shangazi akaifokea runinga.

Hata mimi nilicheka. Halafu nikamgeukia Katibu, aliyekuwa na simu kwenye kila sikio. "Hebu niambie. Akishinda, anakwenda kufanya nini huko bungeni?"

"Kuwakilisha wananchi, dada."

"Juzi ameniuliza mimi ni mke wa nani."

Katibu alitazama mlangoni kwanza. "Punguza sauti. Wasaidizi wapo. Nusu ya wale wazee wanasinzia tu mle ndani, nani atajua?"

"Msaidizi ni mama. Unamwona alivyo? Amebaki macho tu."

"Ni muhula mmoja. Tunamaliza, tunampumzisha kwa heshima."

"Muhula uliopita ulisema hivyo hivyo."

Shangazi akaingilia kwa hasira. "Wewe mtoto una mdomo! Ndugu yangu ndiye aliyeleta maji hapa. Leo amechoka kidogo mnataka kumtupa?"

"Hatumtupi, shangazi. Tunamrudisha nyumbani."

"Nyumbani aje akae aangalie ukuta? Hizi kelele za siasa ndizo zinazomweka hai. Mkizizima, naye atazimika." Alisema hivyo na machozi yakimlengalenga, na hata mimi nilikuwa naliogopa hilo.

Nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anasuuza vikombe visivyokuwa vichafu. Nikamwambia Kijana bado anaongoza, na kwamba huenda yakawa yamekwisha. Hakugeuka.

"Akishindwa," akasema, "ninataka kulala mpaka niamke mwenyewe. Si kuamshwa. Kuamka mwenyewe. Halafu nigeuke upande wa pili, nilale tena."

"Utalala, mama."

"Leo kwenye kura waliniruhusu niingie naye, kumsaidia." Akaweka kikombe chini. "Akaikodolea macho ile karatasi, akaniuliza, 'Hawa ni kina nani?' Nikamwambia, chagua mmoja. Akazitazama zile picha, akaweka kidole juu ya yake mwenyewe. Akasema, 'Huyu mzee namjua. Ni mtu mzuri huyu.'"

Nilichukua kitambaa, nikaanza kufuta vikombe.

"Kalamu nilikuwa nayo mimi, mwanangu. Ningeweza kuweka alama popote, asingejua. Lakini ningewezaje? Amenitazama usoni, anasubiri nikubaliane naye. Nikamwambia kweli, ni mtu mzuri. Nikaweka hapo hapo."

Nilimkumbatia kwa nyuma, mikono yake ikiwa bado na mapovu. Nilikuwa na hasira na Katibu, na Shangazi, na jimbo zima lenye kupenda kukumbukwa majina. Mama alinipigapiga mkono kama vile mimi ndiye niliyehitaji kubembelezwa, akaenda kumchukua baba akalale.

Kulikuwa kumebaki kituo kimoja tu, na nje kulishaanza kupambazuka. Sebuleni watu walikuwa wamejiinamia. Kijana alikuwa mbele, na Katibu alikuwa ameshaanza kutafuta maneno ya kukata rufaa. Mimi moyoni nilikuwa nimeshamlaza mama: nimemfungia mapazia, nimezima simu zote, nimewafukuza wageni mlangoni. Kisha kituo cha mwisho kikatangazwa. Kilikuwa kile cha kule baba alikoleta maji. Baba alishinda kwa kura chache mno, ambazo wapigaji wake wangeenea ndani ya basi moja, tena viti vingine vikabaki vitupu.

Sebule ililipuka. Shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, Katibu akapanda juu ya kiti. Mimi nilikimbilia chumbani.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtandio umefungwa mkononi mwake na mkononi mwa baba aliyelala. Aliponiona uso alielewa, lakini alisubiri niseme.

"Ameshinda, mama."

Machozi yalianza kumtiririka tu, mabega yakitikisika, na ule mtandio ukawa unavuta mkono wa baba. Baba akafumbua macho. Akamtazama, akajiinua, akakaa karibu naye.

"Mama watoto," akasema. "Tumeshindwa?"

Mama aliinua uso.

"Usilie. Tumefanya kazi, inatosha. Wengine nao wafanye." Akamfuta machozi kwa kiganja, taratibu, kama alivyokuwa akitufuta sisi zamani. "Kesho hatuendi popote. Tutalala, mimi na wewe, mpaka jua lituone."

Ilikuwa imepita miaka tangu baba ambembeleze mtu. Miaka hiyo yote ni yeye aliyebembelezwa. Mama alinitazama, na nikaona anavyopigana na nafsi yake, huyu mwanamke ambaye hajawahi kumwacha mumewe atoke na habari potofu hata ya jina la mpita njia.

"Ndiyo, mume wangu," akasema. "Tumeshindwa. Tutalala."

Akamlazia kichwa begani. Nami sikumsahihisha. Nilirudi nyuma, nikaufunga mlango polepole, na nitasema ukweli, nilitamani kuupigilia misumari.

Kabla sijatoka kwenye korido, Katibu alikuwa ameshasimama mbele yangu. "Watu wamejaa uani! Wanamtaka!" Nikamwambia mzee amelala. Akasema, "Ushindi wa kura kiduchu hivi, asipoonekana sasa hivi, watasema kafa." Akanipita. Nilipoingia nyuma yake, mama alikuwa amekwenda bafuni kunawa uso, mtandio umebaki kitandani, na Katibu alikuwa anamvalisha baba koti juu ya fulana. Niliita, "Mama!" Maji yalikuwa yanamwagika, hakusikia.

Mpaka mama anatoka, baba alishafika barazani na kipaza sauti kipo mkononi. Kwa mara ya kwanza alichelewa. Nilimwona anasukuma watu kwenye korido, peku, uso umelowa.

"Ndugu zangu," baba akaanza, na uwanja wote ukatulia. Hiyo sauti haijazeeka hata kidogo. "Nimekubali matokeo. Uamuzi wenu ndio uamuzi wangu. Mmenibeba miaka mingi, na sina kinyongo na mtu. Kijana wangu aliyeshinda namtakia heri. Mpeni ushirikiano mlionipa mimi. Mimi na mke wangu tunakwenda kupumzika."

Ilikuwa hotuba bora kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa. Haikuwa na kosa lolote, ila moja tu, kwamba alikuwa ameshinda.

Watu walitazamana. Niliona karani wangu wa benki pale mbele, mkono mdomoni. Kisha Katibu akacheka kwa nguvu, kicheko cha kulazimisha, akapiga makofi. "Mheshimiwa kwa utani humwezi!" Na watu, kwa kuwa walitaka iwe hivyo, wakacheka pia, uwanja mzima, wengine wakishikana mabega.

Baba aliwatazama bila kuelewa wanachekea nini. Mama alikuwa ameshafika. Aliweka mkono mgongoni kwake, akamnong'oneza sikioni. Nilijua anachomwambia.

"Tumeshinda?" baba akauliza. Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, kwa hiyo wote walisikia. Akamgeukia mama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonewa. "Mbona uliniambia tutalala?"

"Hakuna kulala!" mtu mmoja akapaza sauti huko nyuma, na uwanja ukaidaka. Hakuna kulala! Hakuna kulala! Wakaanza kuruka, wakapiga makofi kuufuata mdundo wa maneno hayo, Shangazi naye katikati yao, analia na kucheka.

Mama alikipokea kipaza sauti kutoka mkononi mwa baba, akampa Katibu. Akamfunga baba vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi fulana isionekane. Halafu akamshika mkono, akainama sikioni kwake, akaanza kumtajia majina ya watu waliosimama mstari wa mbele.