Maganda ya Kuazima

Pap. Kimya. Kisha tena, pap. Ilikuwa sauti ya nguo mbichi inayokung'utwa kabla ya kuanikwa, na alfajiri ilikuwa bado haijaadhiniwa. Bi Mahbuba alilala macho wazi akiisikiliza juu ya dari. Alijua hakuna mtu huko. Kamba ya kwenye paa la nyumba ile ya mtaani Hamriya ilikatika zamani, na hakuna aliyeifunga tena.

"Pumzika, Belinda," alinong'ona. "Pumzika mwanangu, nguo zishakauka."

Belinda alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kule mtaa wa Ghubra. Mwezi uliopita jirani walikuwa na harusi, wanaume wanacheza razha, ngoma yao ya silaha, uani na bunduki zao, naye akapanda juu kuanika nguo. Risasi moja iliyopigwa hewani ikarudi chini, ikamuua. Hakuna aliyejua ilitoka kwenye bunduki ya nani, na hakuna aliyeuliza kwa sauti kubwa.

Bi Mahbuba alisali, akabandika birika, akaketi mbele ya kazi yake. Marehemu mumewe alimwachia chumba hiki na ufundi huu wa kujaza maganda ya risasi kwa ajili ya harusi. Fataki mpya ya kuwashia kitakoni, baruti kidogo, kizibo cha karatasi na nta. Risasi yenyewe haimo. Hutoka mlio na moshi tu, na bibi harusi akajua kwamba kwao wamemfurahia. Ganda likishapigwa huokotwa, likajazwa tena, miaka nenda miaka rudi. Anayepungukiwa huazima kwa mwenziwe, kama watu wanavyoazimana sinia za pilau.

Sasa serikali ilipendekeza kila ganda lipigwe nambari, na nambari ifungwe na jina la mnunuzi. Anayejaza awe na leseni na stoo ya chuma. Bi Mahbuba alikuwa na kabati la nguo tu. Maduka ya Matrah, alikonunua maganda mapya, yalikwisha kuanza kwa majaribio, na leo wananchi waliitwa watoe maoni yao.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, Mboni. Karibu."

Mboni ndiye dada yake Belinda. Alifanya kazi saluni ya jirani, na tangu azoeane na Bi Mahbuba hakuwahi kuja mikono mitupu. Leo alikuja na uji kwenye chupa. "Kunywa kwanza. Usije ukaniangukia mbele za watu."

Kwenye teksi ya kwenda ukumbini, walipoiacha Ruwi nyuma, Mboni alimgeukia.

"Bibi, nikuambie ukweli. Mimi naenda kusema hiyo sheria ipite. Wakiandika majina watamjua aliyemuua mdogo wangu."

"Na mie nnakwenda kusema isipite. Ikipita nnakula nini? Shubiri?"

"Haya, tukagombane hukohuko." Mboni alicheka kidogo, akauvuta mtandio wa bibi usibanwe na mlango.

Ukumbi ulikuwa baridi kama friji. Msichana wa serikali aliyeongoza kikao aliitwa Manal, mpole, sauti ya chini. Zamu ya Bi Mahbuba ilipofika alimletea kipaza sauti mwenyewe, akaacha Kiarabu cha ofisi na kumsemesha Kiswahili cha nyumbani.

"Sema, bibi. Tunakusikiliza."

"Mwanangu, nambari itakwambia nani kanunua. Haikwambii nani kapiga. Maganda yanatembea. Leo yako kwangu, kesho kwa jirani. Mtamshika aliye karibu, na aliye mbali atakaa anywe kahawa."

Aliyekuwa akinywa kahawa safu ya mbele aligeuka. Alikuwa Alaa, mfanyabiashara, na ile harusi ya Ghubra ilikuwa ya ndugu yake.

"Bibi, dunia ya marehemu babu imekwisha," alisema akitabasamu. "Mfumo ni mzuri. Asiye na la kuficha anaogopa nini?"

Watu wakacheka. Manal hakucheka. Aligusa kompyuta yake. "Uani kwenye ile harusi ya Ghubra liliokotwa ganda la risasi ya kweli. Lina nambari ya majaribio. Nilitaka kueleza faida yake bila kutaja jina la mtu." Alimtazama bibi, akainamisha macho. "Lakini jina la mnunuzi ni lako."

Bi Mahbuba alihisi mkono wa Mboni ukitoka mkononi mwake.

"Nliwaazima," alisema. "Alaa, ulikuja mwenyewe. Ukasema, bibi tuazime maganda, tuna wageni wengi. Nkakupa matupu, mapya, nlokuwa sijayajaza. Mmetia nini ndani, miye sijui."

"Kuna karatasi?"

"Sinia la pilau huazimwa kwa karatasi?"

"Basi hukuniazima," alisema Alaa kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto.

Bi Mahbuba akamgeukia Manal. "Andika hivyo, mwanangu. Andika kwamba nliazima."

Manal alipekua kioo cha kompyuta yake. "Bibi, humu kuna kununua na kuuza. Pahali pa kuandika kuazima hapana."

Kesho yake polisi walikuja kumchukua. Walikuja kwa adabu, na askari mmoja wa kike alimshika mkono kwenye ngazi asije akateleza.

Ijumaa Mboni alikwenda kituoni kumtazama. Waliwekwa kwenye viti viwili, meza katikati. Alileta dawa ya presha na kanga safi. Hakumwamkia. Alivipanga mezani kimoja kimoja, polepole.

"Wameniambia mwenye kosa amepatikana," alisema mwishowe. "Nimeuliza habari za bunduki. Nimeambiwa faili limefungwa, nirudi kazini."

"Na wewe wasemaje?"

Mboni alimtazama kama anayetafuta mtu nyuma ya uso ule.

"Nlimpa Alaa maganda matupu, mwanangu. Wallahi matupu."

"Yalikuwa yako, bibi."

"Yalikuwa yangu."

Askari aligonga mlango, muda umekwisha. Mboni alisimama, akaikunjua kanga, akamfunika bibi mabega, kwa kuwa chumba kilikuwa baridi. Kisha akaenda zake bila kuaga. Alikwisha kufika mlangoni Bi Mahbuba alipoita.

"Mboni! Uje tena. Hata ukiwa unanichukia, mwanangu, uje."